Mistari miwili, mstari mmoja, namba au miadi: duka lako linataka foleni gani?

Nina kiduka Mwanakwerekwe, Unguja. Natoa na kupokea pesa za simu, napiga fotokopi na picha za pasipoti, na nawajazia watu fomu za mtandaoni. Kaunta ina madirisha mawili, moja langu na jengine la kijana ninayefanya naye kazi. Miaka miwili ya mwanzo kila dirisha lilikuwa na mstari wake, na haikupita siku bila ya mtu kununa.

Siku moja alikuja mzee kutoa shilingi elfu ishirini tu. Akachagua mstari wangu kwa sababu ulikuwa mfupi, watu wawili. Wa mbele yake alikuwa kijana wa picha za pasipoti, na kijana mwenyewe hakuridhika na sura yake mpaka picha ya nne. Dirisha la pili watu sita wakaingia na kutoka. Mzee alipofika kwangu hakugomba. Aliniambia tu, "Mwanangu, foleni yako hii bahati nasibu."

Nilitahayari. Usiku ule nikachukua daftari la skuli la binti yangu, na kuanzia kesho yake nikawa naandika: nani kaingia saa ngapi, kaanza kuhudumiwa saa ngapi, katoka saa ngapi. Baadaye nikasoma na hesabu zenyewe za foleni, maana kumbe watu wanazipiga kwa zaidi ya miaka mia moja sasa. Namna za kupanga wateja nitakazozilinganisha hapa nimezijaribu mwenyewe au nimeziona kwa jamaa zangu. Kama unafungua duka la dawa, saluni, kliniki au uwakala, soma kabla hujanunua kamba za kupanga watu au mashine ya namba.

Daftari kwanza

Huwezi kuchagua foleni kama hujui mambo mawili: kwa saa wanaingia wateja wangapi, na mmoja anakuchukulia dakika ngapi.

Aliyeanza kulichukua jambo hili kihesabu ni Agner Krarup Erlang, Mdenmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Mwaka 1909 alichapisha maandishi yanayoonesha kwamba simu zinazoingia hazina ratiba, lakini huko kukosa ratiba nako kuna kanuni yake. Kampuni ilitaka kujua iweke nyaya ngapi na wapokezi wangapi, ili mpigaji asingoje mno na wapokezi nao wasilipwe kwa kukaa bure. Weka wateja mahali pa simu na madirisha mahali pa wapokezi, umeshafika dukani kwangu.

Chukua dirisha moja ambalo mteja kwa wastani huchukua dakika 4. Kwa saa linaweza kumaliza watu 15. Wengi wetu hufikiri kwamba madamu wanaoingia hawafiki 15, foleni haitakuwepo. Tazama:

| Wateja kwa saa | Mhudumu yuko kazini | Wastani wa kungoja kabla ya kuhudumiwa |
|---|---|---|
| 7 na nusu | asilimia 50 | dakika 4 |
| 12 | asilimia 80 | dakika 16 |
| 13 na nusu | asilimia 90 | dakika 36 |
| 14 na robo | asilimia 95 | dakika 76 |

Hii ni hesabu ya duka ambalo wateja hujia bila ya mpango na shida zao hazilingani urefu, yaani duka kama langu na lako. Angalia safu ya wateja 12 na ile ya 13 na nusu. Ameongezeka mtu mmoja na nusu tu kwa saa, na kungoja kumetoka dakika 16 kukafika 36. Ndiyo maana utamsikia mwenye duka akilalama kwamba juzi kulikuwa shwari na leo watu ni wale wale. Si wale wale. Wamezidi wawili, na wawili hao wamekuja duka likiwa limeshajaa.

Hapa matajiri wetu hukasirika. Tajiri akipita akamkuta kijana wake kakaa, moyoni anaona mshahara unaliwa. Lakini ule muda wa kukaa ndio unaowapokea wateja wanaokuja kwa mkupuo. Ukiufuta wote, watu wakizidi hawana pa kwenda ila nje kwenye jua.

Kama huna muda wa kuandika saa ya kila anayeingia, iko njia ya mkato. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni moja nyepesi mno: wastani wa watu waliomo dukani ni sawa na wanaoingia kwa saa, ukizidisha na muda anaokaa mmoja. Basi kila robo saa nyanyua macho uhesabu vichwa. Ikiwa kwa wastani wamo watu 6, na kwa saa wanaingia 24, kila mmoja anakaa robo saa tangu anaingia hadi anatoka. Mimi nilihesabu wiki nzima kwa vijistari vya penseli nyuma ya risiti. Inatosha.

Mistari miwili au mmoja

Madirisha yakifanya kazi ile ile, fuata mstari mmoja. Katika yote nitakayoyasema, hili ndilo nililo na hakika nalo zaidi.

Chukua madirisha mawili, wateja 24 kwa saa, dakika 4 kila mmoja. Ukiwagawa katika mistari miwili isiyochanganyika, wastani wa kungoja ni dakika 16. Ukiwaweka katika mstari mmoja, aliye mbele akaenda kwenye dirisha lolote lililo wazi, wastani unashuka hadi dakika 7 na sekunde chache. Hujaajiri mtu, hujanunua kitu. Kwa madirisha matatu na wateja 36 kwa saa, zile dakika 16 zinakuwa 4 na kidogo.

Sababu yake utaiona kwa macho. Penye mistari miwili hutokea dirisha moja likawa halina mtu huku kwenye jengine watu wanapigana vikumbo. Kweli, watu si miti, wataona na watahama, kwa hiyo tofauti haiwi kubwa kama hesabu inavyosema. Lakini anayewahi kuhama ni yule wa nyuma kabisa, aliyekuja mwisho. Aliyetangulia yuko katikati, kabanwa mbele na nyuma. Mzee wangu wa elfu ishirini alikuwa katikati.

Mstari mmoja una ila yake: unatisha. Wiki ya mwanzo niliona watu wanafika mlangoni, wanaangalia, wanageuka. Mstari wa watu kumi unaonekana mbaya kuliko miwili ya watu watano watano, ingawa unakwenda mbio mara mbili. Nikaukunja ukutani, nusu umesimama ndani na nusu umekaa kwenye baraza la nje, na anayefika mlangoni akawa anaona watu watano tu. Ujanja mdogo, lakini waliogeuka walipungua.

Sasa, mistari tofauti inashinda wapi? Kwanza, pale kazi zisipolingana. Picha ya pasipoti kwangu ni dakika kumi na zaidi, kutoa pesa ni mbili au tatu. Ukizichanganya, mtu wa elfu ishirini anamngojea mtu wa picha, na picha mbili zikija pamoja madirisha yote mawili yamekwama. Picha nikazitoa kaunta, zikapewa pembe yake na mstari wake.

Pili, pale mteja anapomtaka mtu wake. Ukimwambia mtu wa Mkunazini aende kwa kinyozi yeyote aliye wazi atakucheka. Atamngoja wake, hata ikiwa watano wengine wamekaa wanachezea simu. Fundi cherehani ni hivyo hivyo, na daktari anayelijua faili lako pia.

Tatu ni jambo ambalo sikulitegemea. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 katika idara ya dharura ya hospitali moja Marekani ulikuta wagonjwa walimalizwa mapema zaidi kila daktari alipokuwa na wagonjwa wake, kuliko walipowekwa katika fungu la pamoja. Daktari akijua hawa ni wake, hatokei mwengine wa kumpunguzia, hujihimiza. Kwa hiyo kama una wafanyakazi wanaotegeana, mstari mmoja unaweza kuwapa mwanya. Kwangu tuko wawili na tunaonana uso kwa uso, hakuna wa kujificha.

Liko na suala la wanawake na wanaume. Dada yangu ana duka la dawa mjini, na aliweka mstari wa kina mama na mstari wa wanaume, kwa adabu tu, watu wasisongamane. Asubuhi kina mama wanajaa na watoto wao, dirisha la wanaume mhudumu anapepea nzi. Jioni wakitoka kazini ni kinyume chake. Kuchanganya mstari asingekubali, na mimi nisingemshauri. Alichofanya ni kutenganisha makao na kuunganisha namba: kina mama wanakaa ndani kwenye mabenchi, wanaume barazani, mfululizo wa namba ni mmoja na dirisha lolote likiwa wazi linaita. Heshima imebaki na dirisha halilali. Kama una desturi ya kutenganisha watu, fanya hivyo kabla ya jengine lolote.

Kusimama, kuuliza wa mwisho, au kuchukua namba

Foleni rahisi kuliko zote sijaiona ikichorwa popote. Unaingia kwa kinyozi, unasalimu, "Asalaam alaykum, nani wa mwisho?" Mmoja ananyanyua mkono. Basi wewe wako ni kumjua huyo tu. Akiinuka yeye, anayefuata ni wewe. Hakuna mstari, watu wamekaa wanazungumza mpira. Kwenye mabomba ya maji ndoo na madumu hushika nafasi, na mwenyewe yuko kivulini.

Njia hii haina gharama na inafaa ikiwa wanaongoja hawazidi kama kumi na wanajuana sura. Ikivurugika huvurugika kwa namna moja tu: yule wa mwisho anaondoka kimya kimya, halafu wawili wanadai ni wake. Mtaani mambo humalizwa kwa kucheka. Kwenye duka la dawa, mtoto ana homa, hakuna anayecheka.

Wakizidi kumi, toa namba. Usikimbilie mashine. Nilichapa kadi 1 hadi 60, nikazipiga lamination kwa mashine yangu mwenyewe, zikaning'inizwa kwenye msumari mlangoni. Ubao mweupe unaonesha namba inayohudumiwa. Gharama yake hata haifiki ya kuku mmoja.

Kinachopatikana si kasi. Namba haimpunguzii mtu hata dakika moja ya kungoja, na anayekuuzia mashine akikwambia vyengine anakudanganya. Kinachopatikana ni kwamba mtu anakaa badala ya kusimama, na anajua yuko wapi. David Maister, aliyeandika juu ya kungoja mwaka 1985, alitaja mambo yanayorefusha kungoja kichwani: kutojua utangoja kiasi gani, kukaa bila ya shughuli, kungoja peke yako, na kuona unadhulumiwa. Ukiyatazama hayo, utaona baraza la mawe nje ya nyumba za Mji Mkongwe linaondoa mawili peke yake. Hungoji peke yako, na mazungumzo nayo ni shughuli. Ukitaka kutumia pesa za kumstarehesha mteja, nunua mkeka wa baraza na mwavuli wa jua kabla ya televisheni.

Ubaya wa namba nao upo. Mtu anachukua kadi, anakwenda sokoni kununua samaki, anaitwa hayupo. Mwengine anachukua tatu, yake na za majirani zake ambao bado wako nyumbani. Kanuni yangu imeandikwa mlangoni kwa herufi kubwa: kadi moja kwa mtu mmoja, na ukiitwa haupo, ukirudi utapita wawili kwanza. Hapo mwanzo aliyechelewa nilimrudisha mwisho kabisa, na ugomvi haukwisha. Nikijaribu kumwingiza papo hapo, walionuna ni waliokuwa wamekaa. Wawili ndiyo kiasi ambacho pande zote mbili wamekikubali.

Miadi au njoo tu

Shemeji yangu anapaka hina na piko. Bibi harusi mmoja, mikono na miguu, ni saa tatu na zaidi. Kazi kama hiyo huwezi kuiacha kwa "njoo tu". Bibi harusi wawili wakigongana siku moja ni aibu ya ukoo mzima. Kipimo changu ni hiki: huduma inayozidi nusu saa, weka miadi. Chini ya dakika kumi, usijisumbue, kwa sababu kuandika miadi na kuwakumbusha watu kutakula muda mwingi kuliko huduma yenyewe. Hapo kati, angalia nani atapata hasara zaidi akingoja, wewe au mteja.

Watu waliyafikiria haya mapema. Mwaka 1952 Mwingereza Norman Bailey alipiga hesabu za wagonjwa wa nje hospitalini, akapendekeza wawili waitwe pamoja mwanzo wa kazi, kisha mmoja mmoja kwa nafasi inayolingana na wastani wa muda wa daktari. Yule wa pili ni akiba: wa kwanza akichelewa au akimalizika upesi, daktari hakai bure. Kwa kliniki ni shauri zuri. Kwa hina shemeji alilirekebisha. Asubuhi anaita bibi harusi mmoja na mtu wa kazi ndogo, viganja tu. Bibi harusi akichelewa, na huchelewa, viganja vinatangulia.

Lakini miadi ya kwetu ina mambo yake. Mtu hasemi saa tisa na robo, anasema "baada ya alasiri". Maneno hayo hayaoneshi nukta ya saa, yanaonesha mlango, na mlango ukifunguka wote wanaingia pamoja. Ukiwapa watu wanne miadi ya baada ya alasiri umetengeneza foleni kwa mkono wako. Shemeji siku hizi anagawa: wewe mara baada ya swala, wewe ukishakunywa chai, wewe kabla ya magharibi. Hataji dakika, na wanaelewana.

Tena kuna wageni. Mtalii aliambiwa saa nne, akaja jioni, maana kwake saa nne ni zile ambazo sisi tunaita saa kumi. Sasa mgeni anaandikiwa kwa saa yake, na daftarini pembeni inaandikwa saa yetu.

Kuongeza mtu au kuipanga kazi

Turudi kwenye mstari mmoja, madirisha mawili, wateja 24 kwa saa, kungoja dakika 7. Ukiweka mtu wa tatu kungoja kunashuka chini ya dakika moja, kama sekunde 47. Nilipoiona hesabu hii niliipiga mara tatu nikidhani nimekosea.

Hata hivyo mshahara wa mtu wa tatu si mchezo, na daftari langu lilionesha namhitaji saa mbili tu, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tano. Nikamchukua mpwa wangu kwa saa hizo, analipwa kwa saa hizo. Usiajiri mtu wa siku nzima kwa tatizo la saa mbili.

Na kabla ya kumwita mpwa nilikuwa nimeshajaribu kitu cha bure, ambacho ningependa kila mtu akijaribu kwanza: kuzilinganisha huduma. Ile dakika 16 ya dirisha moja lenye wateja 12 inatokana na mambo mawili, wateja kuja ovyo na huduma kutofautiana. Wateja kuja ovyo huwezi kuwazuia. Lakini kama kila mmoja angechukua dakika 4 kamili, si mmoja moja na mwengine kumi, wastani wa kungoja ungekuwa dakika 8. Nusu, na hujakimbia hata sekunde.

Huduma sawa sawa kabisa hazipo, ila unaweza kuzisogeza. Kinachorefusha kwangu ni mtu kufika dirishani ndipo aanze kutafuta kitambulisho, ampigie mtoto wake kumuuliza namba, agundue kasahau namba ya siri. Siku hizi kijana anazunguka barazani na kalamu: kitambulisho kipo? Namba ya kutumia umeiandika hapa? Asiye tayari anakaa pembeni na kadi yake, haondolewi, akiwa tayari anaingia. Ukiniuliza nini kimenisaidia zaidi kuliko vyote baada ya mstari mmoja, ni ile kalamu.

Dirisha la haraka kwa shida ndogo linapunguza wastani pia, kwa sababu wengi wenye dakika mbili wanaachana na wachache wenye kumi. Sharti lake ni uwe na wateja wa kutosha wa aina zote mbili. Ukiwa na madirisha mawili tu na moja ukaliita la haraka, jioni utalikuta limelala.

Watu wanapokuja kwa mkupuo

Yote niliyoyasema yanahusu wateja wanaodondoka mmoja mmoja. Boti ikifunga Malindi, bandari ya hapa Unguja, na abiria wakamiminika, hesabu hiyo haina kazi tena. Watu 30 wakiingia kwa wakala mmoja karibu na bandari kwa pamoja, madirisha mawili, dakika 4 kila mmoja, wa mwisho atatoka baada ya saa nzima. Upange mstari mmoja, miwili, utoe namba, saa ile haitapungua. Hapo kuna mawili: kuongeza mikono kwa muda ule tu, au kufanya sehemu ya kazi kabla hawajafika. Ratiba ya boti inajulikana. Anayeuza chakula cha futari anayajua haya bila ya daftari. Sambusa zinafungwa mapema, adhana ikikaribia anapokea pesa tu.

Pemba wakati wa karafuu nako kuna mkupuo wake, mrefu wa wiki nyingi. Ndugu yangu ni wakala Wete. Mkulima akishauza karafuu zake ZSTC, shirika la serikali linalozinunua, anakuja kutoa pesa, na wote wanatoa, hakuna anayeweka. Mwaka wa kwanza ndugu yangu aliongeza dirisha. Foleni haikupungua, kwa sababu kilichokuwa kikikwama hakikuwa dirisha. Noti ziliisha saa nne asubuhi, madirisha yote mawili yakasimama yakingoja mtu arudi benki. Floti, yaani pesa ya wakala iliyomo kwenye simu, ilikuwa imejaa, na sandukuni hamna kitu. Kabla ya kuongeza mtu, jiulize watu wako wanangoja nini hasa. Duka la dawa huweza kuwa dawa yenyewe, fotokopi ikawa umeme, kliniki ikawa maabara. Ukipanua mlango ambao haukuwa umebana, umetupa pesa.

Wanaopitishwa mbele

Mzee sana, mjamzito, mama mwenye mtoto mchanga, mgonjwa. Wanapita, na sijawahi kuona mtu wa maana akipinga. Kwa hesabu, kuwapitisha watu bila ya kutazama urefu wa shida zao hakuongezi wala kupunguza wastani wa wote. Dakika walizookoa wao zimebebwa na waliobaki. Ikiwa ni wawili katika ishirini, mzigo hauonekani.

Wanaoonekana ni wengine: rafiki wa mwenye duka, mtu mwenye cheo, jirani anayechungulia dirishani na kusema "mimi swali tu". Hawa nimewawekea dawa moja, kadi. Hata mke wangu anachukua kadi. Mara ya kwanza alinitazama kwa jicho ambalo sitalieleza hapa.

Nilipofika sasa

Kwa duka kama langu, huduma fupi na madirisha mawili yanayofanana: mstari mmoja, kadi, kalamu barazani, mpwa kwa zile saa mbili za asubuhi, picha pembeni. Kwa saluni ya hina ningesema miadi na kazi ndogo ya akiba. Kinyozi asiguse kitu, "nani wa mwisho" inamtosha. Duka la dawa, namba moja na makao mawili. Wakala wa Pemba, noti kwanza, mengine baadaye.

Kilichobaki kunisumbua ni Ijumaa. Saa sita na nusu nafunga kwenda msikitini, na kila mara wanabaki watu wanane au kumi na kadi mikononi. Tulikubaliana waende nazo, nikifungua waendelee na namba zile zile. Wengi wanarudi. Ijumaa iliyopita mmoja alirudi na namba 31 wakati nimeshaita 31 na mtu keshainuka. Tukazitazama kadi mbili, zote za kwangu, zote nimezichapa mwenyewe. Ile yake alikwenda nayo Ijumaa ya kabla, akaisahau kwenye mfuko wa kanzu, nami nikachapa nyengine kujaza pengo. Wote wawili walihudumiwa, mmoja kila dirisha, na kadi za Ijumaa sasa nazichapa kwa rangi ya kijani, na tarehe kwa penseli nyuma.